Mapenzi ya Mbali na Mbega wa Udzungwa

Basi la Mbeya kwenda Dar likimaliza kona za Kitonga, abiria wote hushusha pumzi. Punde konda anapiga kelele: "Haya, kuchimba dawa!" Mmefika Ruaha Mbuyuni: joto la bondeni, mibuyu, Mto Ruaha Mkuu na vitunguu kibao kando ya barabara.

Mimi na mchumba wangu tulikuwa hatusemeshani tangu Makambako. Nimepata kazi Unguja, yeye kazi yake iko Mbeya. Swali lake lilikuwa moja tu: "Tukikaa mbali miaka miwili, tutabaki walewale?" Sikuwa na jibu.

Tukamwamkia mzee mmoja muuza vitunguu. "Marahaba, wanangu." Kisha, kama aliyetuona tumenuna, akatuonyesha milima ya Udzungwa. "Kule msituni kuna mbega wenye kofia nyekundu."

Nilishtuka. Nilipokwenda Unguja kwenye usaili nilipita Jozani, nikamwona kima punju. Ni ndugu wa huyu wa Udzungwa, lakini nguo tofauti kabisa! Wa Udzungwa ana wekundu kichwani, mgongo wa kijivu na weusi. Wa Unguja wekundu wake uko mgongoni, mabega meusi, na nywele ndefu nyeupe juu ya paji la uso.

Imekuwaje? Zama za barafu, bahari ilishuka kama mita 120 na Unguja ikaungana na bara. Maji yalipopanda tena, njia ikakatika. Udzungwa nako ni kama kisiwa, ila kimezungukwa na nchi kavu: mbega wa msituni havuki mabonde makavu kama haya. Kundi likitengwa huzaana lenyewe kwa lenyewe. Rangi mpya iliyozuka kwa bahati tu inaweza kuenea kwa wote, hasa kundi likiwa dogo. Vizazi maelfu vikipita, ndugu hawafanani tena.

Kuna na kipunji, aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005. Anaishi Rungwe na Livingstone kule Mbeya, na katika msitu wa Ndundulu huku Udzungwa, takriban kilomita 350 mbali. Katikati, hayupo. Kila msitu unaokatwa unazidi kuwatenga, na kundi dogo likiugua au likiwindwa, hakuna wa kulijazia.

Mchumba wangu alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo tutabadilika?"

"Tutabadilika," nikamwambia ukweli. "Ila mbega hawana boti. Sisi tunazo."

Akacheka, mara ya kwanza siku ile. Tukakubaliana: kila mwezi mmoja wetu anasafiri, zamu kwa zamu, hakuna visingizio. Akanunua ndoo ya vitunguu nipeleke Unguja.

Nawe ukitaka kuwaona mbega hao, shuka Mikumi, chukua njia ya Ifakara hadi Mang'ula, lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa 1992. Nenda na mwenzio. Mtapata cha kuongea.