Sharubati Iliyoganda

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye katika nchi ambayo lugha hii si ya nyumbani ana taabu moja ambayo mwenzake wa Unguja au wa Tanga haijui. Wanafunzi wake hukutana na Kiswahili ubaoni, wakakiacha papo hapo ubaoni, wakarudi kwao. Sisi tunaofundisha Kampala tuna taabu ya pili juu ya hiyo: wazee wa wanafunzi wetu wengi walikisikia Kiswahili kwanza vinywani mwa watu wenye bunduki. Mwaka 1973 utawala wa Idi Amin ulikitangaza kuwa lugha ya taifa kwa amri, na amri haijapata kumpendezesha mtu lugha. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari, tena kwa lazima. Agizo hilo tulilifurahia, ijapokuwa neno hilo "lazima" lilitukwaza kidogo. Kwa maoni yetu lugha iliyoingia kwa mlango wa kambi haina budi kutafutiwa mlango mwingine, na mlango ulio karibu zaidi na watoto ni ule wa jikoni.

Kiangazi chetu hapa karibu na mstari wa Ikweta huja mara mbili kwa mwaka, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti. Wakati huo vumbi jekundu hutanda barabarani, na mtu hutamani kitu baridi kuliko chakula chenyewe. Katika likizo ya kiangazi kilichopita wanafunzi wachache waliozoea kuja kwetu Jumamosi kusoma hadithi walikuta vitabu vimefungwa, na mezani pana beseni la matunda.

Somo lilianza kabla ya kisu kushikwa. Tuliwataka wayataje matunda yale kwa Kiganda, kisha kwa Kiswahili, na baada ya matunda matatu wakaanza kutazamana. Nanasi ni ennaanansi, papai ni eppaapaali, embe ni omuyembe, na fenesi, ambalo halikuwamo besenini lakini halikosi kutajwa Uganda, ni ffene. Maneno hayo yalipanda kutoka pwani yakakaa katika Kiganda hata yakasahau kwao. Watoto waliodai kwamba hawajui Kiswahili walikuwa wakikila tangu walipoota meno.

Palipofika pasheni, ambayo mahali pengine huitwa karakara, mambo yakawa matamu zaidi. Waganda huliita tunda hilo akatunda, na yakiwa mengi obutunda. Mswahili akisikia hivyo hudhani anaambiwa "katunda", yaani tunda dogo, wala hakosei sana, kwani ka- na bu- ni viambishi vya udogo katika Kiganda. Lakini kitenzi kutunda kinatutenga: kwa Mswahili ni kuchuma tunda mtini, na kwa Mganda ni kuuza. Kijana mmoja alisema kwamba shambani kwao mambo hayo mawili hufanywa na mtu mmoja siku moja, kwa hiyo haoni ugomvi uko wapi.

Sasa tueleze kinywaji chenyewe. Tulichukua pasheni kumi na tano, nanasi moja la kiasi, ndimu mbili, sukari gramu 200 na maji nusu lita. Pasheni zilizonyauka ganda ndizo zifaazo. Zile nyororo zing'aazo huvutia macho lakini ni kali mno. Sukari huyeyushwa katika maji ya moto mpaka iwe shira nyepesi, kisha shira huachwa ipoe. Nyama ya nanasi hupondwa au husagwa. Mbegu za pasheni zisisagwe kamwe, kwani hutoa uchungu. Nyama yake huwekwa katika chujio na kusukumwa kwa mgongo wa kijiko. Vyote huchanganywa na maji ya ndimu, na mwenye kupenda hutia tangawizi iliyokunwa.

Hapo onja, na ukiona utamu umezidi kidogo, usishtuke. Ulimi uliopoa hauhisi utamu vizuri, hivyo kilicho kitamu barabara kikiwa vuguvugu huwa chapwa kikiganda. Sukari ina kazi nyingine pia: huyazuia maji yasigande yote kwa pamoja kuwa jiwe. Katika vinywaji vya kileo kazi hiyo husaidiwa na kileo chenyewe. Katika kinywaji cha watoto sukari yafaa isaidiwe na mkono. Mchanganyiko humiminwa katika sinia la bati lisilo na kina kirefu, likaingizwa katika sehemu ya kugandishia ya jokofu, na kila baada ya nusu saa hutolewa ukakwanguliwa kwa uma ili chembe za barafu zibaki ndogo. Baada ya saa tatu hivi utapata kitu kilicho kati ya maji na barafu, chenye rangi ya dhahabu, cha kunywewa kwa kijiko.

Ukwanguaji huo ulitupatia somo zuri la vitenzi kuliko yote ya mwaka ule. Maji huganda, sisi huyagandisha. Barafu huyeyuka, jua huiyeyusha. Mtu aliyekwisha kushika sinia la baridi mkononi hahitaji kuelezwa mara ya pili kauli ya kutendesha ni nini. Mmoja wao alipotamka, "Nanasi limeganda," wenzake wakaangua kicheko, wakauliza limekuwa Muganda lini.

Mara umeme ukakatika, jambo ambalo hapa halimshangazi mtu. Tulituma watu wakanunue barafu kwa wachuuzi wa samaki na chumvi ya mawe dukani. Barafu ikavunjwavunjwa ndani ya karai, ikachanganywa na chumvi, mafungu matatu kwa moja, na sufuria yenye mfuniko ikazungushwa katikati yake. Chumvi huifanya barafu iyeyuke huku ikizidi kuwa baridi chini ya sifuri, nayo huvuta joto kutoka katika sufuria. Barafu ya namna hiyo hailiwi, wala tone lake lisiingie ndani.

Zamu ya kuzungusha ilikuwa ikiendelea alipopita jirani yetu, bibi wa makamo ya zaidi ya miaka sabini, ambaye siku zote hutuamkia kwa Kiganda na kwa Kiganda tu. Msichana mmoja alipiga magoti kama ilivyo desturi ya kwao, akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Karibu uonje." Yule mama akanyamaza. Kisha akasema, kwa Kiswahili ambacho hatukujua kwamba anacho, "Mwalimu, mimi Kiswahili nilikijua njiani. Simama. Lala chini. Toa pesa. Hili la onja sikuambiwa." Akapokea bilauri, akakaa barazani, akala polepole mpaka mwisho. Hatukumwuliza neno, maana kuna mambo ambayo mwalimu hayaulizi. Alipoinuka alimwuliza yule msichana kitu kile kinaitwaje, na hapo ndipo tulipokwama.

Kukiita juisi haifai, kwani kimeganda. Aiskrimu ina maziwa, na lambalamba ina kijiti. Vijana walipendekeza "barafu ya matunda", jina ambalo si baya, na barafu yenyewe ni neno tulilolitoa kwa Waajemi. Sisi tulishikilia sharubati. Shina lake ni la Kiarabu, lenye maana ya kunywa. Neno lilipita kwa Waturuki na Waitaliano likawafikia Wafaransa kama sorbet, ambayo ni matunda yaliyogandishwa hasa. Kwa hiyo tukisema "sharubati ya kuganda" tunalirudishia neno letu kazi ambayo ndugu yake anaifanya Ulaya. Vijana wanasema jina hilo ni refu mno kwa mtu mwenye kiu. Walimu wenzetu wa pwani wakiwa na neno fupi zaidi, tunawaomba watuandikie kabla ya Juni.