Majani Ambayo Ng'ombe Anaacha

Wiki hii tunaandika juu ya majani. Msicheke. Majani karibu yavunje kikundi chetu.

Wenye mnatufuata mnajua tuko na shamba la pamoja, upande ule ambako ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu, wanapita kwenda kunywa maji ziwani. Mwezi wa sita mahindi yalikuwa yamekaribia kukomaa. Asubuhi moja tukakuta ng'ombe wameingia usiku, mistari nane imekwisha.

Hapo maneno yakaanza. Ndani ya kikundi tuko na watoto wa wakulima wa Fizi na watoto wa wafugaji wa Minembwe. Kule nyumbani, ng'ombe wakishuka milima wakati wa kiangazi na kupita kwenye mashamba, mambo yanaweza kuishia kwa bunduki. Tulikimbia vita hiyo, kumbe tuliibeba kwenye mizigo. Mmoja wetu akasema, "Ninyi watu wa ng'ombe ni wale wale." Ng'ombe hata hawakuwa wa huyo aliyeambiwa! Walikuwa wa jirani, mzee Munyankole. Wiki mbili hatukukutana.

Mwenye alituita pamoja ni huyo mzee. Alikuja kuomba radhi, akaleta kibuyu cha maziwa, akakubali kulipa mahindi. Halafu akatupeleka kwenye malisho yake. Kilima chote kilikuwa na majani marefu, yamefika kifuani. Tukamuuliza: mzee, chakula chote hiki, ng'ombe wanafuata nini kwetu?

Akakata jani moja, akalisugua, akatupa tunuse. Mchaichai kabisa! Wanaita omutete, na kwa jina la kitaalamu ni Cymbopogon nardus, ndugu wa ule mchaichai tunaoweka kwenye chai. Harufu hiyo ng'ombe haipendi. Anazunguka shina la omutete, anakula majani matamu yaliyo pembeni.

Mwenzetu wa Minembwe, aliyechunga tangu utoto, ndiye alitufafanulia vizuri. Ng'ombe ni kama mkulima anayepalilia vibaya: anang'oa mazao, anaacha magugu. Ng'ombe wakiwa wachache na mahali ni pakubwa, majani matamu yanapata muda wa kupumzika na kuota tena. Lakini ardhi ikibanwa, yanaliwa kila siku mpaka mizizi inachoka. Omutete haiguswi, inatoa mbegu, inachukua nafasi, maji na mwanga. Mwaka kwa mwaka kilima kinabaki cha kijani, na ng'ombe wanakonda.

Na nani amebana ardhi? Hapo tukanyamaza. Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwaka 1958. Wengi wetu tulipofika tulipewa kipande, na ni haki, tungekula nini? Lakini kila kipande kinachozungushiwa ua kinaweza kuwa kilikuwa malisho ya mtu.

Tena tukakumbuka moto. Tulipopewa shamba, tulilichoma ili tusichoke kufyeka, na moto ukavuka mpaka kwa mzee. Moto unakula majani ya juu tu. Shina la omutete liko chini, limeshikana, linachipua upya. Machipukizi yake yakiwa laini ng'ombe anayaonja kidogo, lakini matamu anayamaliza kabisa kabla hayajapata nguvu. Kwa hiyo tulimsaidia adui.

Kitu kingine kilitushangaza. Tulizoea kusikia kwamba mmea vamizi ni mgeni, kama lantana, ile ya maua ya rangi rangi iliyotoka Amerika, ambayo ndege wanasambaza mbegu zake na ng'ombe akiila anaugua. Lakini omutete ni mwenyeji wa Afrika. Haikuvuka mpaka wowote. Imevamia sababu watu, mifugo na moto vimeharibu mpango. Sisi tunaoitwa wageni kila siku, tulilifikiria hilo sana njiani tukirudi.

Sasa tunafanya nini? Jumamosi mbili kwa mwezi tunapanda kwa mzee na majembe. Tunang'oa omutete na mizizi yake, kabla haijatoa mbegu. Majani yenyewe tunayatandaza chini ya migomba yake na kati ya mistari yetu, yanashika unyevu. Yeye ametenga sehemu moja ng'ombe wasiingie mpaka majani matamu yarudi. Na tumepima pamoja njia ya kwenda majini, tumeiwekea miti pande zote.

Kazi ni ngumu, na kilima ni kikubwa kuliko sisi. Ila yule aliyesema "watu wa ng'ombe" na yule aliyeambiwa sasa wanashika mistari ya jirani. Bado hawajaombana radhi kwa maneno. Jumamosi iliyopita mmoja alisahau maji, mwingine akampa chupa yake.

Wenzetu wa mashirika, mkija na mbegu na majembe, tunashukuru. Lakini kabla ya kugawa shamba jipya, ulizeni kwanza ng'ombe walikuwa wanapita wapi.