Hii ni ya Kula ama ni ya Video?

Wadau, leo sina utani. Acheni niwaambie vile nilimaliza gesi ya mama kwa sababu ya majira ambayo Kenya hata hatuna.

Ilikuwa Oktoba. Kama unashinda mtandaoni kama mimi, unajua mwezi huo huwa vipi. Kila video ni mama fulani wa Marekani, sweta nzito, majani mekundu yanapukutika nje ya dirisha, watoto wamezunguka meza, na pale katikati pai ya malenge inatoa mvuke. Mimi niko Nairobi, jacaranda zimemwaga maua ya zambarau barabarani, jua linawaka, na bado nikajiambia: hata mimi nataka hiyo.

Malenge yalikuwepo. Shosho alikuwa ametutumia mawili kutoka Murang'a, ndani ya gunia, kwa matatu ya jioni. Alisema ni ya watoto. Watoto ni ndugu yangu wa miaka saba na dada yetu wa gredi ya tano. Mama hufanya kazi ya usiku, kwa hivyo chakula cha jioni ni jukumu langu.

Oveni hatuna. Nikafanya vile wengi wetu hufanya: sufuria kubwa, chumvi chini, sufuria ndogo ndani, kifuniko, jiwe juu. Sasa, ile pai ni mayai, maziwa na malenge yaliyopondwa. Keki unaweza kuibembeleza kwa sufuria, lakini hii ilikataa kabisa kushika katikati. Ya kwanza ikaungua chini. Nikaanza upya. Ya pili ilipoanza kupendeza kwa juu, nikawasha taa, nikapanga vijiti vya mdalasini, nikaanza kurekodi. Hapa kivuli. Pale kuna nguo zimeanikwa. Rudia.

Ndugu yangu akaja akasimama mlangoni. "Hiyo ni ya kukula ama ni ya video?"

Nikamwambia angoje kidogo. Nilimwambia hivyo mara tatu.

Nilipomaliza ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Nikabandika maji ya ugali, moto ukaruka mara moja, ukazima. Mtungi wa kilo sita, kwisha. Dada alikuwa amejipa mkate na chai ya mchana iliyobaki. Mdogo alikuwa amelala kwa kochi na sare ya shule. Ile pai, nilipoikata, katikati ilikuwa uji baridi.

Asubuhi mama akarudi, akataka maji ya kuoga. Akagonga mtungi kwa kidole, ukalia mtupu. Akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. "Huyu alikula nini jana?"

Sikuwa na jibu. Na unajua kinachoniuma zaidi? Ile video ilifanya vizuri kuliko zangu zote. Watu waliandika chini yake ati familia yetu ina upendo sana.

Siwalaumu Wamarekani. Nilikuja kufikiria vizuri, nikaona wao wana sababu yao. Kwao siku zinaanza kuwa fupi, miti inamwaga majani, baridi kali iko njiani. Wakati huohuo shamba linatoa malenge na matofaa. Malenge yakikomaa, ganda likawa gumu, yanakaa miezi mahali pakavu penye ubaridi bila kuoza. Kwa hivyo unapika kile kilichopo, nyumba inapata joto, watu wanakaa pamoja. Hata Thanksgiving yao, Alhamisi ya nne ya Novemba, ni sherehe ya shukrani iliyofungamana na mavuno. Upishi ulitoka shambani. Sweta na taa zilikuja baadaye.

Na ile harufu yao wanayojivunia? Ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Fungua kabati la mama yako uone kama hivyo si viungo vya chai na pilau. Starbucks walianza kuuza kahawa yao ya viungo hivyo mwaka 2003, na sisi kwetu harufu hiyo ni ya kila siku tu.

Kwa hivyo vitu vingi nilivyokuwa naiga vilikuwa tayari jikoni kwetu. Nilichokosa kuiga ni kile cha bure: chakula kuliwa kikiwa moto, na wenye njaa.

Nilimpigia Shosho nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani huko mjini malenge huchukua saa ngapi kuiva?" Nikacheka, ingawa haikuwa mzaha.

Basi alinifundisha hivi. Kata vipande na maganda yake, chemsha kwa maji kidogo, kama dakika 20. Menya, ponda, acha yapoe. Kikombe kimoja cha malenge kwa vikombe vitatu vya unga wa ngano, chumvi, vijiko viwili vya mafuta, mdalasini ukitaka. Usikimbilie kuongeza maji, malenge yenyewe yana maji ya kutosha. Ongeza tu unga ukikataa kushikana. Kanda, funika nusu saa, sukuma chapati. Zinatoka na rangi ya dhahabu, na hata kesho yake bado ni laini.

Jumamosi mama akiwa hana zamu, nilikata lile la pili. Gesi nilinunua kwa pesa nilizokuwa naweka za taa mpya ya kurekodi. Chapati ya kwanza ilipotoka, ndugu yangu alikuja, akasimama palepale mlangoni. Hakuingia.

"Ya video?"

"Ya kula."

Akaketi. Alikula nne, na nilikuwa bado nasukuma.

Nitaendelea kurekodi, sidanganyi mtu, hii ndiyo kazi naipenda. Lakini siku hizi nawapakulia kwanza, ndio narekodi kilichobaki. Mara nyingi hakibaki kitu. Na wewe unayepika huku simu imesimama kando ya jiko, hebu angalia mlangoni. Ni nani amekungoja?