Kansa ya ini: kupasuliwa si mwisho wa safari

Katika familia nyingi za Goma, Bukavu na vijijini, mgonjwa akitoka katika chumba cha upasuaji akiwa hai, watu wanashukuru Mungu na kusema mambo yamekwisha. Kwa kansa ya ini, hayajakwisha. Hata katika hospitali kubwa za dunia, kati ya wagonjwa 10 waliokatwa sehemu ya ini yenye uvimbe, karibu 7 wanarudiwa na kansa ndani ya miaka 5. Wanganga wanajiuliza: ni nani atarudiwa, na dalili itaonekana wapi mapema?

Kansa hii inarudi kwa njia mbili. Ya kwanza inaonekana zaidi ndani ya miaka 2: ni chembe za uvimbe wa zamani zilizotoroka kupitia mishipa ya damu kabla ya upasuaji. Ya pili inakuja baadaye: ni kansa mpya, inayoota katika ini lililobaki, kwa sababu ini lenyewe bado ni gonjwa.

Alama ya damu inayojulikana zaidi inaitwa AFP. Ni protini ambayo ini la mtoto linatengeneza akiwa tumboni. Mtu mzima anabaki na kidogo sana. Mwaka 1963, Garri Abelev wa Moscow alionyesha kwamba panya wenye kansa ya ini wanaitengeneza tena. Mwaka 1964, Yuri Tatarinov aliikuta katika damu ya watu. Kama ilikuwa juu kabla ya upasuaji, inapaswa kushuka haraka baada ya uvimbe kutolewa. Ikikataa kushuka, au ikishuka kisha ikapanda, daktari anatafuta uvimbe upya kwa ekografi au skana. Lakini kuna kansa zisizotoa AFP, na mama mwenye mimba anaweza kuwa nayo juu bila kansa. Kwa hiyo haitoshi peke yake.

Mwaka 2008, watafiti waliosoma jeni za wagonjwa waliopasuliwa walipata jambo la kushangaza. Jeni za uvimbe wenyewe hazikusaidia kutabiri. Zilizosaidia ni za nyama ya ini iliyouzunguka, hasa kwa kansa inayorudi kwa kuchelewa. Maana yake, kilichobaki mwilini kinaweza kusema zaidi kuliko kilichotupwa.

Vipimo vya jeni ni ghali na viko mbali. Lakini alama nyingine inagusa watu wa Kongo moja kwa moja: wingi wa virusi vya hepatiti B katika damu. Virusi vikiwa vingi, hatari ya kansa kurudi inaongezeka. Dawa kama tenofovir, inayojulikana pia katika matibabu ya ukimwi, inavipunguza na inapunguza hatari hiyo. Kuiacha ghafla bila daktari kunaweza kuamsha virusi kwa nguvu.

Hapo ndipo vita vinaingia. Baba mmoja wa Masisi, ambaye ndugu zake walichanga pesa apasuliwe Kampala, alirudi na karatasi moja yenye namba za AFP, pamoja na dawa za hepatiti. Mwezi wa pili 2025, watu walipoondoka katika kambi ya Bulengo, mfuko wake ulipotea. Dawa zilipokwisha hakutafuta zingine, kwa kuwa hakusikia maumivu. Miezi ilipita kabla binti yake hajamleta kwenye kituo cha afya.

"Papa, namba ya mwisho ilikuwa ngapi?" munganga aliuliza.

"Ilikuwa kwenye karatasi," mzee alijibu.

Namba mpya ilipatikana, lakini peke yake haikuweza kusema kama inapanda au inashuka. Binti aliipiga picha na simu, akaituma kwa dada yake Bukavu. Mzee alirudishiwa dawa na kupewa siku ya kurudi, baada ya miezi 3.

Kuna pia sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, aflatoksini. Mwaka 1991, watafiti waliochunguza wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa Qidong, China, walikuta badiliko la namna moja katika jeni ya TP53, nalo linahusishwa na sumu hiyo. Kuchemsha hakuimalizi. Kukausha chakula vizuri na kutupa punje zenye ukungu kunasaidia, hata kwa ini lililokwisha kupasuliwa.

Kwa watoto, chanjo ya hepatiti B iko ndani ya ile ya wiki 6, 10 na 14, kambini kama mtaani. Kwa aliyepasuliwa, karatasi ya vipimo ibebwe pamoja na kadi ya uchaguzi, na namba zake zijulikane na mtu mwingine wa familia.