MAFINGA: MJI ULIOZALIWA NA MSUMENO

Mpenzi msomaji, kitanda ulicholalia jana usiku umewahi kukiuliza kimetoka wapi? Najua utajibu haraka haraka, Keko, kwa fundi fulani. Haya, na mbao za huyo fundi zimetoka wapi? Hapo unaanza kukuna kichwa. Basi nakwambia, inawezekana kabisa kitanda chako ni Mhehe, mzaliwa wa Mafinga, kimeteremka Kitonga juu ya lori wakati wewe uko mjini umelala fofofo!

Machi iliyopita nilipanda basi kwenda kuwasalimia wajomba zangu huko. Alfajiri Mbezi, Mikumi tukawaona twiga bure bila kiingilio, Ruaha Mbuyuni wauza vitunguu wakatufuata mpaka dirishani, Kitonga kila mtu akamkumbuka Mungu wake. Baada ya Iringa mjini unabakiza kama kilomita 80. Ukishaipita Ifunda hewa inabadilika, na mlango wa basi ukifunguliwa stendi ya Mafinga kitu cha kwanza kukupiga ni baridi, cha pili ni harufu ya mbao mbichi. Mimi mtoto wa mjini nilishuka na fulana na makubadhi. Kijana wa bodaboda akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akasema, "Kaka, umekuja na koti au umekuja na maringo tu?"

Wazee wanakumbuka kwamba pale pakiitwa kwa jina la kizungu, John's Corner, yaani kona ya John. Leo ni mji kamili, ulipewa halmashauri yake mwaka 2015, na ukitaka kujua nani kaujenga, usiulize. Sikiliza. Kila upande kuna mashine inalia.

VIDOLE VITATU

Mjomba alinipokea kwa furaha. "Kamwene, mpwa wangu!" Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia una vidole vitatu. Viwili vilibaki kwenye mashine ya kupasua mbao mwaka 2012, na mwenye mashine, ambaye sitamtaja, alimpa hela ya dawa na nauli ya kurudi nyumbani. Basi, yakaishia hapo.

Sasa kumbe siku nilipofika nyumba ilikuwa na kesi. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mjomba, amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani mwaka mzima, na Jumatatu anaanza kazi. Kazi gani? Dingdong! Mama yake halali. Usiku ule akaniita pembeni jikoni akaniambia, "Wewe ni kaka yake, umetoka Dar, anakusikiliza. Mwambie."

Nimwambie nini? Mimi mwenyewe shule niliishia kidato cha nne, naishi kwa kalamu na mikopo ya dukani. Nikamwomba mama anipe siku mbili, nikaanza kuzunguka.

BABU NA VYUMBA 30

Hadithi ya mashine kwenye ukoo wetu haikuanzia Mafinga, ilianzia Tanga. Mwaka 1897 Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba, na Waingereza walipokuja nao wakaendelea kudai kodi. Kodi inataka pesa, na pesa huku nyanda za juu ilikuwa haionekani. Pesa ilikuwa kwenye mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta mwaka 1893. Na mkonge, msomaji wangu, si kama mahindi. Ukikatwa tu unataka mashine ya kuuchakata iwe palepale shambani, ile waliyoiita korona. Kwa hiyo kwa wazee wetu wengi kiwanda cha kwanza kukiona maishani kilikuwa katikati ya shamba.

Vijana wa Kihehe, Kibena na Kikinga walichukuliwa kwa maelfu. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha kabisa ofisi ya kukusanya vibarua, ikaitwa SILABU. Marehemu babu alikwenda miaka ya hamsini. Walikuwa wanaitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba, na namba ndiyo iliyoitwa.

Mjomba anasema kitu ambacho babu hakukisahau hadi anakufa ni kipande. Ilikuwa kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi uliyopimiwa, msimamizi anatia alama chumba kimoja. Usipomaliza, siku hiyo haipo! Mshahara unalipwa vyumba 30 vikijaa, si mwezi ukiisha. Fikiria mtu aliyezoea kuhesabu siku zake kwa mvua, palizi na mavuno, leo anaambiwa siku ni kile chumba kwenye kadi. Hapo ndipo mashine ilipombadilisha babu, wala hakuwahi kuigusa kwa mkono.

Alirudi na blanketi, baiskeli na hela ya kununua msumeno.

WA JUU NA WA CHINI

Msumeno wenyewe bado upo, mjomba kautundika ukutani sebuleni mahali ambapo watu wengine wanaweka picha ya harusi. Ni mrefu kupita mimi, una mshikio kila upande. Walikuwa wanachimba shimo, gogo linalazwa juu yake, mmoja anasimama juu ya gogo, mwenzake anaingia shimoni. Wa juu anafuata mstari, wa chini anavuta na kula vumbi la mbao siku nzima. Mstari wenyewe ulipigwa kwa uzi uliopakwa unga mweusi wa betri kuukuu za redio. Siku nzima unapata mbao za kuhesabika, lakini kila ubao una jina la aliyeupasua. "Babu yako," mjomba akasema, "alikuwa akiona ubao kwenye nyumba ya mtu anakwambia huu ni wangu."

Wakati huo misitu unayoiona leo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Eneo la Sao Hill lilikuwa nyika ya majani. Majaribio ya kupanda miti yalianza mwaka 1939 yakaenda mpaka 1951, upandaji mkubwa ukaja kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980. Leo ndilo shamba kubwa la miti la serikali nchini, eneo lake linapita hekta 130,000. Misindano ile iliyojipanga kama askari wa gwaride asili yake ni Mexico, milingoti asili yake Australia. Yaani hata miti ni wageni!

Barabara kuu ya Zambia ikatiwa lami, reli ya TAZARA ikakamilika mwaka 1975, na viwanda vikafuata. Miaka ya 1970 kikajengwa kiwanda cha mbao cha Sao Hill kwa msaada wa Norway. Miaka ya 1980 kikaja kiwanda kikubwa cha karatasi cha Mgololo, miaka ya 1990 kikazimika, watu wakarudi kwenye jembe, kisha miaka ya 2000 akapewa mwekezaji binafsi kikawaka tena. Wanaokumbuka kile kimya wanasema kilitisha kuliko kelele zote.

Na watu wa kawaida nao wakatafuta mashine yao. Ndiyo hiyo dingdong. Chukua injini ya dizeli au ya trekta, funga mkanda, zungusha msumeno wa duara, weka juu ya fremu ya chuma inayovutwa kutoka msitu huu hadi ule. Nilikwenda kuiona. Chenso inaangusha, vijana wanaviringisha gogo, msumeno unalia, na kabla chai yako haijapoa tayari kuna rundo la 2x4. Akina mama wanazisomba kwa kichwa kuteremka hadi barabarani kwenye lori, wanalipwa kwa idadi ya mbao. Mabanzi yanabaki kuni, vumbi linabaki mlima. Nikauliza ubao gani kaupasua nani. Walinicheka mpaka nikaona aibu.

YA LIMEHOUSE

Shuleni walitufundisha Mapinduzi ya Viwanda: James Watt, mvuke, pamba, Manchester. Nilikariri yote, mtihani ukaisha, nikasahau. Kumbe nilichosahau ndicho nilichokuwa nakiangalia pale msituni!

Uingereza nao walikuwa na wapasua mbao wa shimoni, wa juu na wa chini, vilevile kama babu. Tajiri mmoja, Charles Dingley, alijenga mashine ya kupasua mbao pale Limehouse, London, iliyoendeshwa kwa upepo. Mwezi wa tano mwaka 1768 wapasua mbao wakaivamia wakaivunja. Hawakuwa wajinga wale, waliona wazi ubao wao unaondoka na jina lao. Lakini mashine haikurudi kwao. Miaka ya mwanzo ya 1800, kule Portsmouth, Marc Brunel alitengeneza mashine za kuchonga kapi za mbao, zile za kupitishia kamba za tanga kwenye meli za kivita. Watu 10 wasio na ufundi wakafanya kazi ya mafundi 110. Mwaka 1808 zikatoka kapi 130,000 kwa mwaka mmoja!

Na ulinzi wa mtu ulikuja lini? Sheria ya viwanda ya mwaka 1833 ndiyo iliyokataza watoto chini ya miaka 9 kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, na ikaweka wakaguzi. Wangapi? Wanne, nchi nzima! Kuanzia Limehouse hapo ni miaka 65. Mashine inakuja kwa lori, haki ya mtu inakuja kwa miguu.

Sisi hapa sheria tunayo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ukaanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini ili mfuko ukujue, lazima mwajiri awe amekuandika, na kibarua wa dingdong mara nyingi hajaandikwa popote. Babu alikuwa na namba bila jina. Mjomba alikuwa na jina bila karatasi.

JUMATATU

Jumapili jioni tukakaa sebuleni, ulanzi katikati, msumeno wa babu juu ya vichwa vyetu. Nikajikaza, nikaanza hotuba yangu. Mdogo wangu akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, shamba la babu baba aliuza heka zote kwa watu wa mjini alipoumia. Sasa lina misindano yao. Nisipoenda kwenye mashine, niende wapi?"

Nilimeza ulanzi kama dawa. Kwa kweli sikuwa na jibu.

Mjomba ndiye aliyejibu. "Mashine sina ugomvi nayo. Imejenga nyumba hii, imekusomesha wewe. Mimi kosa langu niliingia kazini kama mtu anayeingia msalani, bila kuulizwa jina. Nenda, lakini usiingie hivyo."

Asubuhi yake, ukungu umeshuka mpaka magotini, tulikwenda watatu. Mwenye mashine ni kijana tu, mchangamfu. Mdogo wangu akamwomba karatasi ya mkataba. Yule bwana akacheka, "Dogo, hapa kuna mbao, karatasi nenda Mgololo!" Vijana wote wakaangua kicheko, na mimi nusura nicheke, maana utani wenyewe ulikuwa mzuri.

Mjomba hakucheka. Wala hakusema neno, alinyanyua mkono wa kulia akauacha hewani. Vidole vitatu. Kicheko kikaisha kidogo kidogo kama injini iliyokata mafuta. Yule kijana akainama kwenye gari, akatoka na daftari la shule la mistari, akaandika jina la mdogo wangu, tarehe, kazi na malipo ya siku, wakatia sahihi wote wawili. Halafu mmoja wa wale vijana akasogea, "Na mimi bosi, niandike." Akaja mwingine. Nilipoondoka ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa.

Usinielewe vibaya. Daftari la mistari si WCF, na sijui bosi yule ataliweka wapi mvua ikinyesha. Mama hakufurahi, alinifungia viazi vya safarini kimya kimya. Lakini mjomba alinisindikiza mpaka stendi, na safari hii alinipa mkono wa kulia.

Basi letu lilipofika Kitonga tulikwama nyuma ya lori la mbao kwa muda mrefu, abiria wakamtukana dereva wa lori matusi ya kila kabila. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa nazihesabu zile mbao, najiuliza ipi ya nani.

Haya, msomaji wangu, ukienda Mafinga beba koti. Na ukipewa kazi yoyote yenye mashine, kabla hujauliza inalipa shilingi ngapi, uliza jina lako linaandikwa wapi. Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.