Spika Moja, Masikio Mawili



Juma hili naomba tutafakari jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama: tofauti kati ya mono na stereo. Katika mono, waimbaji na vyombo vyote hukusanywa katika mkondo mmoja wa sauti. Hata ukiunganisha spika kumi, zote zitasema neno lilelile. Katika stereo kuna mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, na kila mmoja waweza kubeba kitu chake, huku gitaa, kule tarumbeta. Aliyeketi katikati hupata picha pana, kana kwamba bendi imejipanga mbele yake.

Kwa kuwa stereo ilitufikia baadaye, wengi hudhani kwamba mono ni upungufu, na kwamba kila rekodi ya zamani yafaa isahihishwe. Mimi sikubaliani na dhana hiyo.

Tuanze na wale walioipatia sifa santuri ya roki. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya stereo mwaka 1931, na santuri za namna hiyo zikaanza kuuzwa madukani mwaka 1958. Hata hivyo, kwa miaka mingi baadaye vijana wengi walikuwa na gramafoni ya spika moja tu. Ndiyo maana The Beatles, walipotengeneza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band mwaka 1967, walikaa na mafundi wao wakati wa kusawazisha sauti za toleo la mono. Toleo la stereo waliwaachia mafundi, nao wakalimaliza kwa siku chache. Naye Brian Wilson wa The Beach Boys, aliyekuwa karibu kiziwi kabisa wa sikio la kulia, alitengeneza Pet Sounds mwaka 1966 kwa mono. Mtu huyo aliyesikia kwa sikio moja alipanga sauti nyingi kwa ustadi ambao wenye masikio mawili bado wanajifunza.

Kwetu hali haikuwa mbali na hiyo. Bendi nyingi za dansi za miaka ya 1960 na 1970, zikiwamo NUTA Jazz na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wanamuziki wakipiga wote kwa pamoja. Mahali ambapo maikrofoni ni chache, usawa wa sauti hutengenezwa na wapigaji wenyewe: mwenye tarumbeta hurudi nyuma hatua kadhaa, mwimbaji husogea mbele, na mpiga gitaa hupunguza mkono ili mwenzake asikike. Wanaopenda zilipendwa wanajua utamu huo, ingawa pengine hawajui chanzo chake. Kila mmoja alijipima kwa kuwasikiliza wengine.

Na sauti hiyo ilipopanda kuja huku Nyanda za Juu Kusini, ilipokewa na redio yenye spika moja, iliyowekwa dirishani au juu ya kigoda uani. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio na kujadili walichosikia. Kikundi kizima kilizunguka chombo kimoja. Aliyeketi kushoto na aliyeketi kulia walisikia jambo lilelile, na hakuna aliyehitaji kupigania kiti cha katikati.

Sasa niwasimulie kilichonifanya nilifikirie jambo hili kwa uzito.

Miaka michache iliyopita nilitoka Mbeya kuhudhuria jubilei ya parokia moja mkoani Iringa. Kamati ilikuwa imeona vema kuifufua kanda ya kwaya iliyonaswa kanisani miaka ya 1980, kwa kinasa sauti kimoja kilichowekwa juu ya kiti mbele ya waimbaji. Kanda ilipelekwa studio mjini ili ihamishiwe katika kompyuta. Fundi, kwa nia njema kabisa, akataka kuipanua: sauti nyembamba akazisukuma kulia na sauti nzito akazisukuma kushoto. Wengi waliisikia wakasifu.

Baada ya chakula alinijia mama mmoja mjane, akifuatana na mjukuu wake. Mama huyu hasikii kwa sikio la kushoto. Katika kwaya ile yeye aliimba sauti ya kwanza, na marehemu mumewe aliimba sauti ya nne. Mjukuu alikuwa amemwekea wimbo katika simu na kumvalisha spika za masikioni. Mama akasema, "Padri, wamemtoa mzee wangu." Kijana, kwa kutaka kumsaidia bibi yake, akazigeuza zile spika, ya kushoto ikawa kulia. Mama akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Sasa yeye nampata. Mimi ndiye sipo."

Ilibidi itafutwe kanda yenyewe, ikachezwa katika redio kuukuu ya spika moja pale jikoni. Ilikuwa na mkwaruzo, na mahali fulani mtoto alilia. Mama alisikiliza ubeti mzima akiwa amesimama, kisha akasema polepole, "Haya, hapo tupo."

Kosa la namna hii lina historia yake. Mwaka 1961 kampuni ya Capitol ya Marekani ilianza kutoa santuri za mono zilizogeuzwa kuwa stereo ya kuigiza: mkondo mmoja ulipunguzwa sauti nzito, wa pili ukapunguzwa sauti nyembamba na kucheleweshwa kidogo sana. Hata Pet Sounds ilitendewa hivyo. Baadaye wapenzi wa muziki waliona kwamba upana huo haukuongeza kitu, bali uligawa kilichokuwa kizima. Mwaka 2009 santuri za The Beatles za mono zilitolewa upya kama zilivyokuwa, na watu wakazinunua kwa furaha.

Sisemi kwamba stereo ni uongo. Mwaka 1975 bendi ya Queen, yenye mwimbaji Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ilitoa A Night at the Opera. Humo, katika Bohemian Rhapsody, sauti zinaitana kutoka upande huu hadi upande ule, na ukiziminya katika spika moja unawapokonya watunzi sehemu ya kazi yao. Kazi iliyozaliwa na pande mbili iachiwe pande zake mbili, na iliyozaliwa moja isipasuliwe. Kuheshimu kazi ya mtu ni kuuliza kwanza alikusudia nini, ndipo ushike mtambo.

Basi, wapendwa, nina maombi machache. Wenye kanda za zamani za kwaya, za harusi au za wazee wetu, msizingoje ziharibike, kwa maana kanda huchakaa hata ikiwa kabatini. Zinakilini. Lakini nakala ya kwanza iwe kama kanda ilivyo, pamoja na mkwaruzo wake, nayo itunzwe mahali salama; mapambo yaje katika nakala ya pili. Ninyi vijana wa mitambo, spika za ukuta wa kushoto wa kanisa na za ukuta wa kulia zitoe sauti ileile, ili aliyekaa pembeni asipate nusu ya wimbo. Na kama nyumbani kwenu yupo anayesikia kwa sikio moja, fungueni mipangilio ya simu yake, sehemu ya ufikivu. Katika simu nyingi za leo mtakuta mahali pa kuchagua sauti ya mono. Ni kazi ya dakika moja, nayo yaweza kumrudishia mtu sauti ambayo hakujua kwamba anaikosa.

Nawatakia Dominika njema.