Umbo Likipindwa, Asili Ibaki



Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya kazi ya vijana wanaochora kwa kompyuta. Hapa Mazimbu, na kule Morogoro mjini, karibu kila tangazo tunaloliona limepitia mikononi mwao: bango la duka, fulana za timu, kadi za harusi, na hata kile kitambaa kinachofungwa penye msiba kikiwa na jina na picha ya marehemu. Wengi wao hutumia programu iitwayo CorelDRAW, iliyotoka Kanada mwaka 1989. Wengine hutumia Inkscape, iliyoanza mwaka 2003 na inayopatikana bila malipo. Nimeketi mara kadhaa kando ya kijana mmoja wa kazi hiyo nikimwuliza maswali, na niliyojifunza naona yanatufaa sote.

Picha ya kamera hujengwa kwa vidoa vidogo vidogo vya rangi. Ukiikuza mno, vidoa vinajitokeza na picha inaharibika. Mchoro wa vekta ni kitu kingine. Humo kompyuta huhifadhi nukta chache tu, pamoja na hesabu ya mstari utokao nukta moja kwenda nyingine. Hesabu ya mistari hiyo iliyopinda tunadaiwa na Wafaransa wawili waliofanya kazi kwenye viwanda vya magari, Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, ambao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 walitafuta njia ya kueleza kwa namba mabati yaliyopindwa. Ndiyo maana nembo moja yaweza kukaa juu ya kalamu au kujaza ukuta mzima, na ukingo wake ukabaki safi.

Ndani ya CorelDRAW mna kifaa cha kupinda maumbo, nacho kina njia tatu. Ya kwanza ni kusukuma na kuvuta: unachukua mraba, unabonyeza katikati yake na kuburuta kipanya, pande zinaingia ndani au zinafutuka nje, na punde mraba unakuwa mfano wa ua. Ya pili ni zipu: ukingo ulionyooka unageuka meno kama ya msumeno, nawe unaamua yawe marefu kiasi gani na mangapi. Ya tatu ni kusokota: umbo linazungushwa kama maji ya kijito yanapoingia shimoni. Umbo lenye nukta nyingi hupata mikunjo mingi. Lenye nukta chache hupindika kwa upole.

Kijana huyo alikuwa akitengeneza nembo ya kikundi cha akina mama wauza mboga, nao walitaka milima ya Uluguru ionekane. Alianza na pembetatu tupu. Akaongeza nukta chache pande zake, akaitia meno madogo ya zipu, kisha akaisukuma kidogo kutoka upande mmoja. Palepale niliitambua Lupanga, kilele kile kinachoutazama mji wetu kutoka urefu wa zaidi ya meta 2,100. Nikamwuliza, "Na ile pembetatu imekwenda wapi?" Akajibu, "Ipo, Padre. Haijaenda popote." Akabonyeza amri ya kuondoa mpindo, na mpindo wa mwisho ukatoka, akabonyeza tena, ukatoka uliotangulia, na pembetatu ikarudi kama alivyoichora asubuhi.

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Umbo lililopindwa kwa njia hii ni samaki mbichi: waweza kulikunja, kulikunjua, na kulikunja upya. Lakini ipo amri nyingine, ile inayogeuza kila kitu kuwa mistari mitupu. Mafundi huitumia kwa sababu njema, kwani kazi ikipelekwa kuchapishwa kwenye kompyuta isiyo na aina ile ya herufi, maandishi hubadilika sura. Ikishageuzwa, herufi haziwi herufi tena. Ni maumbo yanayofanana na herufi. Ukishalihifadhi faili hivyo na kulifunga, samaki amekauka.

Uzito wa jambo hili niliuona penye msiba mmoja. Kitambaa kilikuwa kimetengenezwa mahali pengine, na jina la mama aliyefariki lilikuwa limepindwa kama upinde juu ya picha yake, kwa uzuri kabisa, ila limekosa herufi moja. Faili lililoletwa lilikuwa na mistari mitupu. Nakala ya awali haikuhifadhiwa. Hakuna aliyeweza kuiandika herufi hiyo kwa kubonyeza tu. Binti wa marehemu akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mama atasindikizwa kwa jina la mtu mwingine?" Ilibidi jina lote liandikwe upya na kupindwa upya usiku, na maziko yalikuwa kesho yake asubuhi.

Sisi wa Mazimbu tunapaswa kujua thamani ya jina. Chuo kilichoanzishwa hapa na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, kilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Majengo yalikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Matumizi yamebadilika, wakazi wamebadilika, jina limebaki kama lilivyokuwa, na kwa jina hilo mtoto wa leo anaweza kuuliza, "Huyu alikuwa nani?"

Kwa hiyo nawaomba vijana wa kazi hii mambo matatu mepesi. Hifadhini daima nakala mbili: moja ambayo bado inaweza kurekebishwa, na nyingine ya kupeleka kwa mchapaji. Kabla ya kugeuza maandishi kuwa mistari, mwiteni mwenye shughuli asome kila jina kwa sauti. Na mnapopinda herufi, msizidishe hata bibi asiyeona vizuri akashindwa kulisoma jina la mwanawe.

Lugha yetu ina neno kupinda na ina neno kupotosha. Fundi anayeyajua yote mawili huweza kuugeuza mraba kuwa ua bila kumdanganya mtu, maana wakati wowote anaweza kutuonyesha alianza na nini.